Mkono Ulioinuliwa

Kampala,
9 Juni 1963

Kwa dada Ayuma,

Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima. Sijaja nyumbani tangu Baba afungwe, na likizo hii pia sitakuja, kwa sababu nimepata kazi ya kuandika vibao vya maduka. Mwambie Mama.

Nakuandikia kwa jambo la masomo. Mwaka huu kila mwanafunzi wa sanaa anatakiwa kutoa picha tano zinazosimulia jambo moja. Nimechagua Baba na gereza la Kakamega, na mwalimu amekubali. Nitazichonga kwenye linoleamu, ule mpira unaotandikwa sakafuni maofisini. Unaukata kwa patasi ndogo, unaupaka wino, unagandamiza karatasi juu yake. Ulichokata kinatoka cheupe, ulichoacha kinatoka cheusi. Ukishakata huwezi kurudisha.

Shida yangu ni kwamba sijawahi kumwona Baba akiwa mle ndani. Wewe unaenda kila mwezi. Niandikie unachokiona: amevaa nini, mnakutana wapi, mnaongea nini. Usiniandikie kwamba anatusalimu sana. Niandikie ukuta.

Picha ya tano ninayo tayari kichwani. Ni siku ile msituni. Mwanamke yuko chini na kuni zake. Bwana msitu amesimama upande mmoja, mzungu na kofia yake. Baba yuko upande wa pili, ameinua mkono juu ya kichwa cha mwanamke na kuidaka fimbo hewani. Hiyo sihitaji kuambiwa. Nimewasimulia wenzangu hapa bwenini mpaka wengine wanauliza habari za Shitanda kana kwamba ni baba yao.

Ndugu yako,
Sylvanus


Isecheno,
23 Juni 1963

Kwa kaka Sylvanus,

Barua imefika. Mama yuko. Mahindi yamefika magotini. Ndama alikufa.

Ukuta wa nje ni wa matofali mekundu na juu yake kuna seng'enge. Hatukutani hapo. Tunakutana kwenye banda refu ndani ya lango la pili. Katikati ya banda kuna waya wa kuku uliosimamishwa mara mbili, mmoja upande wetu na mwingine upande wao, na kati yake njia ya mtu mmoja kupita. Anayepita ni askari. Ukiutazama waya, Baba anafifia. Ukimtazama Baba, waya unafifia. Huwezi kuviona vyote kwa pamoja.

Amevaa kaptula nyeupe na shati jeupe lisilo na kola. Hana viatu. Nywele wamezinyoa. Masikio yake ni makubwa kuliko nilivyojua.

Lugha ni Kiswahili tu, ili askari asikie. Unakijua Kiswahili cha Baba. Mara ya mwisho tuliongea hivi, na haya ndiyo yote:

"Mahindi iko namna gani?"
"Iko, Baba."
"Mvua?"
"Iko."
"Mama yako anaendanga kanisa?"
"Anaendanga."
"Na Sirivanus?"
"Anasoma."
"Asome tu."

Kisha tulitazamana mpaka kengele ikalia.

Mama alikwenda mara moja. Hajui Kiswahili, kwa hiyo alikaa kimya. Askari akamwambia, "Mama, ongea ama utoke." Akatoka. Hajarudi.

Mimi niko nyumbani tangu nimalize shule. Desemba iliyopita nilianza kujifunza kuchora kuta za nyumba kwa udongo. Mama Navalayo ananifundisha.

Kuhusu picha yako ya tano sina neno.

Ayuma


Kampala,
14 Julai 1963

Kwa dada Ayuma,

Asante. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Nimeshachonga picha ya kwanza, nyaya mbili na nyuma yake uso usiotulia. Mwalimu aliitazama kwa muda, kisha akauliza niliwezaje kuijua. Nilimwambia nina mtu.

Nimefurahi kusikia Mama Navalayo anakufundisha. Wakati wa utoto wetu hakuna nyumba huko iliyochorwa Krismasi bila mkono wake. Ni vizuri kwamba hajasahau alivyotetewa na Baba.

Kuna habari nyingine. Bwana George Sifuna, yule wa maendeleo ya jamii hapo Kakamega, alipita chuoni kwetu. Anakusanya kazi za vijana wa wilaya ili zitundikwe ukumbini siku za Uhuru. Nilimwonyesha nilichonacho na kumweleza picha ya tano. Akanishika bega. Alisema hiyo ndiyo itakayowekwa mbele, mlangoni kabisa, na jina la Baba chini yake.

Kwa hiyo sasa inabidi iwe sahihi. Niambie mzigo wa kuni ulikuwa mkubwa kiasi gani na ulifungwa kwa nini. Niambie fimbo ilikuwa ya mti gani. Bakora ya mwanzi haichongeki vizuri, inatoka kama mstari tu. Kama ilikuwa na vifundo, niambie.

Sylvanus


Isecheno,
4 Agosti 1963

Kwa kaka Sylvanus,

Mzigo ulikuwa wa kawaida, wa mwanamke mmoja kujitwika bila kusaidiwa. Ulifungwa kwa kamba ya mti.

Fimbo ilikuwa ya mpera. Ilikuwa na vifundo. Ilikatwa kwenye mpera wetu wa nyuma ya jiko. Pale tawi lilipotoka pamebaki kovu, na mwaka huu limeanza kuchipuka.

Mkono wa kulia wa Mama Navalayo haunyooki na vidole havifungi. Hawezi kushika tambara la udongo. Hana binti, na Desemba iliyopita nyumba yake ilikaa bila kusiribwa mpaka wiki ya Krismasi. Nilikwenda na debe la udongo mweupe. Alikuwa mlangoni.

"Umetumwa?"
"Sikutumwa."
"Basi sogea kando, unanizibia mwanga."

Akaanza kuniambia wapi pa kuanzia. Tangu hapo yeye anasema na mimi nachora. Ana maneno makali. Juzi aliniambia mistari yangu inatembea kama mlevi anayerudi kutoka Khayega.

Wiki iliyopita niliwaona wafungwa wakifyeka nyasi Amalemba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali. Baba alikuwa wa tatu kwenye mstari. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliniona, akaendelea kufyeka. Anafyeka vizuri.

Ayuma


Kampala,
18 Agosti 1963

Kwa dada Ayuma,

Picha nne zimekwisha. Nimechonga pia wale wanaofyeka nyasi.

Ya tano nimeikata karibu yote. Fimbo nimeipa vifundo kama ulivyosema. Lakini nikiwa naikata nilisimama. Bwana msitu alikuwa na bakora yake ya mwanzi. Tuliijua sote, hakuitoa mkononi hata kanisani. Aliacha bakora yake akabeba fimbo ya mpera wetu kwa nini? Ilifikaje mkononi mwake?

Huenda umekosea kuandika. Niambie tu.

Sylvanus


Kampala,
15 Septemba 1963

Ayuma,

Barua yangu ya Agosti haijajibiwa. Bwana Sifuna anataka picha kabla ya mwisho wa Novemba.

Fimbo ilikuwa ya nani?

Sylvanus


Isecheno,
6 Oktoba 1963

Kwa kaka Sylvanus,

Sikujibu kwa sababu Mama alinikataza. Sasa nikimwuliza ananyamaza tu, kwa hiyo naandika.

Fimbo ilikuwa ya Baba. Bwana msitu hakuwapo.

Ilikuwa siku isiyo ya kuni, ambayo wanawake hawaruhusiwi kuokota msituni. Baba alikuwa zamuni, na sare yake ya askari wa msitu. Mama Navalayo alikuwa akitoka kwa njia ya mtoni na mzigo kichwani. Baba akamwambia atue. Akajibu kwamba atatua nyumbani kwake. Baba akampiga kwenye mkono ulioshika mzigo. Alipoanguka akampiga tena palepale. Bwana msitu alikuja baadaye kwa Landrova, akampeleka hospitali, kisha akamrudia Baba akiwa na polisi. Mahakamani Baba alisema ni kweli. Nilikuwapo.

Barua uliyopata wakati ule, Mama alimwambia katekista aandike kwamba Baba amefungwa kwa mambo ya bwana msitu na wanawake wa kuni. Hapo hapakuwa na uongo. Yaliyobaki uliyajaza wewe ukayarudisha kwetu. Mama akayapenda. Alipenda barua zako zisomwe mbele ya wageni. Baada ya muda ikawa vigumu kukusahihisha.

Nilimwuliza Baba mara moja kwa nini alimpiga. Ilikuwa kwa Kiswahili, askari akisikiliza. Alisema, "Alinijibu." Askari akacheka kidogo, kisha akaacha.

Sasa kuhusu picha. Baba atatoka Februari. Unajua ilivyo damu ikishamwagika kati ya nyumba mbili. Hatuli kwao, hawali kwetu. Mimi nikienda kuchora kwa Mama Navalayo nabeba maji yangu kwenye chupa, na yeye anaitazama chupa na hasemi kitu. Itabaki hivyo mpaka kondoo achinjwe. Kondoo hachinjwi mpaka Baba asimame uani, mbele ya nyumba zote mbili, aseme kwa mdomo wake alichokifanya. Asipochinjwa, Baba hawezi kuingia mlango anaopikia Mama. Atalala wapi, sijui.

Shemeji yake Mama Navalayo, yule mzee anayesema kwa niaba yao, alikuja kwetu mwezi uliopita. Hakukaa. Alisema amesikia kuna picha itatundikwa mjini, na kwamba ndani yake mzungu ndiye aliyempiga. Alisema kama nyumba ya Shitanda imeshasema hivyo mbele ya watu wa wilaya nzima, hakuna haja ya kondoo. Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Ukisema, nyumba imesema.

Ayuma


Kampala,
13 Oktoba 1963

Ayuma,

Barua nimeipata.

Picha nne ziko sawa, kwa kuwa uliyoniambia ni ya kweli. Ya tano nimeifunika kwa gazeti. Imeshakatwa. Nilikuambia kwamba kilichokatwa hakirudi.

Leo mwenzangu wa chumbani ameniuliza, "Vipi, mzee Shitanda atatoka na Uhuru?" Nilimwambia atatoka Februari. Akasema Uhuru wenu huko unachelewa.

Sijui la kuandika. Nitaandika nikijua.

Sylvanus


Kampala,
17 Novemba 1963

Kwa dada Ayuma,

Nilitaka kuichoma bloku, ile linoleamu niliyoichonga. Kisha nikafikiri kwamba Bwana Sifuna ameshawaambia watu, na picha isipokuja, maneno yatabaki. Kuikataa kwa barua hakutoshi, watu hawasomi barua zangu. Ikabidi nitengeneze nyingine, na muda haukuwepo, na linoleamu ya chuo imekwisha.

Kwenye linoleamu unaweza kuondoa tu. Kwa hiyo niliitandika mezani nikatazama ni nini kinaweza kuondolewa.

Nimemtoa mzungu. Nilikata kofia, kisha uso, mabega, mkono, buti. Ilichukua mchana mmoja. Pale alipokuwa amesimama sasa ni peupe.

Nilidhani baada ya hapo nitakuwa na kazi kubwa ya kumbadilisha Baba. Sikumgusa. Yuko palepale. Mwanamke yuko chini, ameinamisha kichwa, kuni zimetawanyika. Mkono wa Baba uko juu ya kichwa chake kama ulivyokuwa tangu mwanzo. Nilipokuwa naichora niliuchora ukiidaka fimbo. Sasa hakuna wa kunyang'anywa. Fimbo iko mkononi mwake, na ina vifundo vya mpera.

Nimechapa nakala moja na kuituma kwa Bwana Sifuna. Chini yake nimeandika: Shitanda na Mama Navalayo, Isecheno. Nimetia sahihi.

Usimwonyeshe Mama kama unaweza.

Sylvanus


Isecheno,
15 Desemba 1963

Kwa kaka Sylvanus,

Uhuru umefika. Kakamega kulikuwa na ngoma, bendera na mashindano ya kukimbia. Mama hakwenda. Katekista alisema wafungwa wote watatolewa, kwa hiyo Mama alipika kuku. Tulimla sisi wawili.

Picha zako nne zimetundikwa ukumbini. Watu wanazipita haraka na kwenda kutazama za wanyama. Msichana mmoja wa sekondari alisimama mbele ya ile ya nyaya mpaka wenzake wakamwita. Ya tano haimo.

Nilikwenda kwa Bwana Sifuna kuuliza. Alikuwa na tai ya rangi za bendera na jasho jingi. Aliitoa kabatini, ikiwa imekunjwa.

"Wewe ni dada yake?"
"Ndiyo."
"Mbona ametufanyia hivi? Aliniambia kuna mzungu."
"Alikuwepo. Ametolewa."
"Dada, tazama. Mwafrika anampiga mama wa Kiafrika, halafu niiweke mlangoni siku ya Uhuru? Mheshimiwa anaingia hapo!" Akafuta uso. "Hawezi kumrudisha?"
"Haiwezekani. Kilichokatwa hakirudi."
"Hata kofia tu?"

Nilimwambia hata kofia. Akanipa picha niichukue, na soda moja.

Sikuipeleka nyumbani kwanza. Nilimpelekea Mama Navalayo. Wakati huo shemeji yake alikuwapo, nami nilifurahi, kwa kuwa sikutaka kuionyesha mara mbili. Niliikunjua chini nikaweka mawe kwenye pembe. Mzee aliisoma ile sahihi yako kwa sauti. Akasema, "Huyu ni kijana wa kwanza?" Nikasema ndiye. Akasema kondoo atafutwe, lakini Shitanda lazima aseme mwenyewe. Karatasi haina mdomo.

Mama Navalayo aliitazama bila kuinama. Alisema kuni zake hazikuwa nyingi hivyo. Nikamwuliza kama angependa kuitunza.

"Ibandike kwenu," akasema. "Mimi nakumbuka."

Nimeibandika kwenye ukuta wa sebule, karibu na kalenda ya misheni. Mama ameiona. Amehamisha kiti chake.

Nyumba ya Mama Navalayo nimeimaliza jana. Chini nimepaka udongo mwekundu, juu mweupe, na kati nimechora mistari ya kukatana, midogo, kuzunguka nyumba nzima. Aliuliza, "Hii ni nini? Mimi sikukuambia hii." Nikamwambia ni waya wa gerezani. Akazunguka nyumba, akarudi upande wa pili.

"Endelea," akasema. "Lakini pale kwenye dirisha umepinda."

Ayuma


Kampala,
5 Januari 1964

Kwa dada Ayuma,

Iondoe picha ukutani kabla ya Februari.

Jana mwalimu aliipata bloku kwenye meza yangu akauliza kama baba yangu anatumia mkono wa kushoto. Nikasema hapana. Basi akanionyesha. Unapochapa, picha inageuka. Kulia kunakuwa kushoto. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. Zile nne niligeuza. Hii niliichonga kama nilivyokuwa naiona kichwani, na Bwana Sifuna alikuwa ananiharakisha, nikasahau. Baba wa pichani ameinua mkono wa kushoto.

Mtu yeyote anayemjua ataona si kweli. Atauliza kama hilo ni uongo, na mengine je. Afadhali pasiwe na kitu ukutani.

Sitaweza kuja Februari. Kuna majaribio ya muhula na siwezi kuomba ruhusa. Utaniandikia.

Sylvanus


Isecheno,
9 Februari 1964

Kwa kaka Sylvanus,

Sikuiondoa. Niliangalia kalenda za majaribio kwa mwalimu wa hapa anayejua chuo chenu. Hamna majaribio Februari. Sikasiriki. Nakuandikia yaliyotokea kama ulivyoomba.

Baba alitoka Jumatano asubuhi. Nilimngojea langoni. Alikuwa amevaa nguo alizokamatwa nazo, suruali ya sare bila mshipi. Nilimwambia twende. Alitembea nyuma yangu. Nilipopunguza mwendo ili tuwe sawa, naye akapunguza. Kila tulipofika kwenye kizuizi au mlango alisimama mpaka nimwambie apite. Njia nzima alisema neno moja. Tulipokaribia Isecheno aliiangalia miti akasema, "Imekatwa."

Uani walikuwapo watu wa nyumba zote mbili. Kondoo alifungwa kwenye mpera. Mama alikuwa mlangoni, ndani, kwa sababu hakuruhusiwa kumpokea bado. Mama Navalayo alikaa kwenye kigoda na mkono wake mapajani.

Mzee, shemeji yake, alisimama akamwuliza Baba kwa lugha yetu, "Shitanda, ulifanya nini?"

Baba hakujibu. Alisimama wima, mikono ikiwa imelala ubavuni, akitazama miguu ya mzee. Mzee akauliza tena. Baba akasema, "Ndiyo, afande." Mtu mmoja alicheka. Mama Navalayo akamgeukia, naye akaacha kucheka.

Mzee aliuliza mara ya tatu, pole pole. Hakuna. Nilikuwa karibu na Baba, na sikuona ubishi usoni mwake. Hapakuwa na kitu. Ni kama mlango wa nyumba ambayo watu wamehama. Mzee akageuka akawaambia wa kwao, "Twendeni. Tumesikia." Wakaanza kuinuka. Kijana wao akaenda kufungua kamba ya kondoo.

Hapo niliingia ndani nikaibandua picha. Mama alinishika nguo, kisha akaiachia. Niliitoa nikaisimamisha kwenye mguu wa ghala. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu waone kwamba nyumba ilishasema, hata kama yeye hawezi.

Baba aliiona. Akaondoka pale aliposimama bila kuambiwa na mtu. Akachuchumaa mbele yake. Alimtazama mwanamke, akatazama kuni, akautazama mkono. Aliutazama mkono kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu yake.

"Hapana hii," akasema. Alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, huenda ndiyo lugha iliyobaki karibu na ulimi. "Hii ni ya kushoto." Akasimama, akatugeukia, akauinua mkono wake wa kulia mpaka juu kabisa, vidole vimefungwa kama vimeshika kitu. "Ni hii. Nilipiga na hii."

Mzee akauliza, "Ulimpiga nani?"

Akajibu kwa lugha yetu. "Navalayo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili alikuwa ameshaanguka."

"Kwa nini?"

Nilidhani atasema alimjibu. Alisema, "Nilikuwa na fimbo." Mkono ulikuwa bado juu. Mzee ndiye aliyemwambia aushushe.

Kondoo alichinjwa. Mzee alichukua majani ya tumboni mwake akawapaka wote wawili, Baba kifuani na Mama Navalayo kwenye ule mkono. Tulikula. Baba alikula haraka na kumaliza kabla ya wote, akabaki ameshika sahani tupu mpaka Mama alipokuja kuichukua. Halafu aliingia ndani. Alisimama kwanza mlangoni. Mama akamwambia, "Pita."

Picha imerudi ukutani. Usiigeuze na usichape nyingine. Mzee anasema iachwe hivyohivyo.

Baba anaamka kabla ya kuku na kukaa pembeni mwa kitanda, akisubiri. Mama anasema itapita. Hajakuulizia. Nimemwambia unasoma.

Jana nilikwenda kwa Mama Navalayo kurekebisha pale kwenye dirisha. Nilichanganya udongo, nikaweka chupa yangu ya maji kando ya ukuta kama kawaida. Aliitazama.

"Hiyo ya nini?" akasema.

Ayuma